Oili ya Giaboksi ya Mzee Klachi

Gari lilianza kusaga siku ile ile lilipotoka gereji. Mama Uzi aliliondoa kwa gia ya kwanza vizuri tu, akafika kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, akaingiza gia ya pili, na chini ya miguu yake ukatoka mlio kama wa mtu anayetafuna kokoto. Mume wake, aliyeketi kando yake mikono juu ya magoti, alishtuka mwili mzima.

"Klachi!" akafoka. "Kanyaga klachi, dada! Unaniulia gari!"

"Nimekanyaga, mzee."

"Hujakanyaga! Mguu wako umelala!"

Mama Uzi hakuwa dada yake, alikuwa mke wake, na klachi alikuwa ameikanyaga mpaka mwisho. Hakubisha. Kubisha kulitaka nguvu, na nguvu zake siku hizo alizigawa kwa kipimo, kama mtu mwenye kibaba kimoja cha unga na wageni mlangoni.

Mzee Klachi alikuwa amefundisha watu udereva maisha yake yote, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake kwa sababu ndilo neno alilolitamka kuliko salamu. Gari lake la kufundishia lilikuwa hilo hilo, la rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, pua ndefu, milango inayofungwa kwa mshindo. Lilikuwa kuukuu tangu siku alipolinunua. Watu walimtania kwamba akifa azikwe nalo. Alikuwa akijibu kwamba kaburi la namna hiyo lingehitaji nafasi ya kugeuzia.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukaanza kumla polepole. Ulianza na funguo, ukaja kwenye majina ya majirani, ukaingia chumbani. Siku moja alitoka kwenda kununua mkate asirudi. Mama Uzi alimkuta mtaa wa tatu, ameegesha gari pembeni kwa ustadi wote, taa ya kuonyesha kona inawaka na kuzima, anamsubiri mwanafunzi. Tangu hapo mke ndiye aliyeshika usukani.

Hakuushika kwa kupenda. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Cherehani ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na vitambaa vya buluu na kijivu vilikuwa vimeteka kila kiti. Lakini kila alasiri, jua likianza kupoa, Mzee Klachi alikuwa akibadilika. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitoa nguo kabatini na kuzikunja ndani ya shuka. Alitikisa kitasa cha mlango akisema mama yake anamsubiri, na mama yake alikuwa amefariki kabla wao hawajaoana. Mama Uzi alijaribu kila kitu. Alimweleza ukweli, na mzee akalia msiba ule upya kama ameusikia jana. Alimdanganya, na mzee akamwona muongo. Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni kukaa kwenye gari likiwa linakwenda. Basi kila alasiri walizunguka: wanapita kinu cha unga, wanauzunguka uwanja wa mpira, wanarudi kwa njia ya juu. Kufika uwanjani, kichwa cha mzee kilikuwa kimeshaegemea kioo. Akiamka nyumbani alikuwa mpole, alikula, alilala. Na Mama Uzi alipata kushona.

Sasa ile njia ya kupumua ilikuwa imeziba. Kila gia ikawa ugomvi. Mzee alikuwa akirudi nyumbani na hasira nyingi kuliko alizotoka nazo, na mara moja alimnyang'anya mke wake funguo na kumwambia kwamba amefeli, aje tena mwezi ujao.

Fundi waliyemwita Spana alilisikiliza gari akiwa amesimama mikono kiunoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini isiyolingana na mwili wake, na ndiye aliyeziba mahali palipokuwa pakivujisha oili kwenye giaboksi, kisha akajaza oili mpya.

"Mama, mimi nilikuwekea kitu cha hali ya juu," alisema. "Namba tano. Oili za gia kuna namba nne na kuna tano, nikasema mzee wetu tumpe tano."

"Na kabla ya hiyo tano gari lilikuwa halilii."

"Labda litazoea."

"Gari linazoea oili?"

Spana akajikuna shingo. "Mambo mengine huzoea, mama."

Mama Uzi akachukua funguo. Kuzoea ndiyo dawa aliyopewa na kila mtu tangu mume wake aanze kuugua: daktari, jirani, mtoto wao aliye mbali kwenye simu. Akalirudisha gari nyumbani, likisaga njia nzima.

Halikuzoea. Zikapita siku, na kila aliyeulizwa alikuwa na oili yake. Muuza spea alimpa jina la ghali. Jirani mwenye lori alisema nzito kabisa, kwa sababu gari kuukuu ni kama mgonjwa, linataka kitu cha kushika tumbo. Kijana wa kituo cha mafuta alisema gari la umri ule liwekwe chochote, tofauti haitaonekana. Mama Uzi alisikiliza wote huku macho yanamwasha kwa usingizi. Alikuwa amechoka, na si kwa kushona wala kuendesha. Alikuwa amechoka kuchagua. Yeye ndiye aliyechagua dawa ipi iachwe kwa kuwa inamlevya mzee, na ipi iendelee ingawa inamnyima haja kubwa. Yeye aliamua mlango ufungwe kwa komeo au la, leo mama mkwe awe hai au amekufa. Sasa na oili nayo.

Jumamosi shemeji yake alikuja. Huyu alikuwa mdogo wake Mzee Klachi, karani wa ofisi ya maji, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alikuwa na moyo mzuri, ila alikuwa na tabia ya kuja na jawabu kabla hajavua viatu.

"Shemeji, liuze hili kopo," alisema akiwa bado kizingitini. "Wapo watu wanaopenda makuukuu, watalichukua kesho. Mimi nitakuletea gari la kisasa lisilo na klachi. Unaweka mguu, linakwenda."

"Na kaka yako atakaa ndani yake?"

"Kwa nini asikae?"

"Ulimchukua mwezi uliopita kwenye gari lako. Ilikuwaje?"

Shemeji akaanza kuvua viatu. Kaka yake alikuwa ametafuta mti wa gia, akaukosa pale anapoujua, akaanza kupiga kioo akiomba kushushwa kabla hawajafika barabara kuu.

"Basi mimi sijui," shemeji akasema kwa sauti ya chini. "Lakini wewe unakwisha, shemeji. Umejitazama kwenye kioo?"

Hakuwa amejitazama. Akaenda kumwogesha mzee.

Ilikuwa wakati anamkata kucha za miguu, amekaa kwenye kigoda na mguu wa mume wake umelala mapajani mwake, ndipo alipojisemea tu, si kwa kutaka jibu: "Sijui hata niweke oili gani."

"Thelathini," mzee akasema.

Mama Uzi akainua uso. "Thelathini nini?"

"Ya injini. Ile nyepesi." Mzee alikuwa akitazama ukuta, sauti yake kavu na ya kawaida, sauti ya zamani ya darasani. "Gia za lile gari haziogi uji." Kisha akauvuta mguu. "Mama amekula?"

"Amekula," Mama Uzi akajibu, na mkasi ukabaki hewani.

Oili ya injini kwenye giaboksi! Hata yeye aliona ni kichekesho. Siku hiyo hiyo asubuhi mtu huyu alikuwa amejaribu kuvaa soksi mkononi. Hata hivyo lile jibu halikumtoka kichwani. Kesho yake, wakati anamnywesha chai, alimjaribu kwa njia nyingine.

"Mzee, kuna mtu anasema giaboksi yako inataka oili nzito, ile yenye harufu kali."

"Nani huyo? Mwanafunzi?"

"Ndiyo."

"Mwambie arudie somo la kwanza."

Siku iliyofuata alifanya jambo aliloona haya kulifanya. Alimdanganya ili amnase. "Lakini wewe mwenyewe ulisema juzi oili nzito. Nilikusikia."

Mzee Klachi akamtazama kwa huruma kubwa, kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia. "Hapana, dada. Mimi siwezi kusema hivyo. Thelathini, ya injini."

Mama Uzi aliingia chumbani akakaa pembeni ya kitanda. Kwa miaka kadhaa alikuwa amejifunza somo moja gumu, kutoamini neno lolote linalotoka kinywani mwa mtu aliyemwamini kuliko wote. Alikuwa amejifunza kwa machozi, akahitimu. Na leo moyo wake ulitaka kulitupa.

Kesho yake tena walikutana gereji wote: Spana, Mama Uzi, mzee akiwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na shemeji aliyeomba ruhusa kazini kwa sababu, kama alivyosema, hawezi kuona giaboksi ya kaka yake inageuzwa maabara. Spana alilaza mgongo chini ya gari, akafungua nati ya chini, na oili ikateremka kwenye karai, nzito, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Alipotoka alichovya kidole akakiinua kwenye jua. Kidole kilikuwa kinametameta.

"Dhahabu?" shemeji akauliza.

"Ingekuwa dhahabu ningefunga gereji," Spana akasema, lakini hakucheka. "Hii ni shaba. Humo ndani kuna pete za shaba. Ukibadilisha gia, pete inashika kwanza, inapunguza mwendo wa gia ili ziingiane bila kugombana. Sasa zinalika." Akafuta kidole kwenye ovaroli. Alikuwa amenywea, mwili wote. "Mama, jana nilimwuliza muuza oili. Anasema hii tano ina dawa kali, ni ya zile gia kubwa za nyuma, siyo ya pete za shaba. Tena inateleza mno, pete haipati pa kushika. Niliona tano ni kubwa kuliko nne, nikadhani ni bora. Nisamehe."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Tuweke nne. Haina dawa nyingi, haitadhuru shaba. Nimeshaileta." Akaonyesha kopo benchini.

Mama Uzi akalitazama lile kopo. "Mzee anasema oili ya injini. Thelathini."

Wanaume wawili wakageukia kile kiti cha plastiki. Mzee Klachi alikuwa akipanga nati za zamani kwenye ukingo wa ndoo, kubwa kwa ndogo, ametulia tuli.

"Shemeji," mdogo wake akaanza polepole, kama anayembembeleza mtoto ateremke mtini, "huyu ni kaka yangu, nampenda. Lakini Jumamosi aliniita mjomba. Hajui leo ni siku gani. Na wewe unataka kumfuata kwenye jambo la fundi?"

"Nimemwuliza mara tatu. Kwa njia tatu. Hakuyumba."

"Hayumbi pia kwamba mama yuko hai."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mama Uzi alikaa juu ya tairi lililolazwa chini. Akafikiria cherehani yake. Alikuwa akiipaka oili nyepesi kama maji. Aliwahi kuipaka nzito mara moja, ya gari, kwa haraka ya kumaliza kazi, na mashine ikawa inajivuta kama mtu mwenye homa. Mambo madogo yanayokimbia hayapendi uzito. Hilo alilijua kwa vidole vyake. Lakini cherehani si gari, na hakutaka kujidai.

"Fundi," akauliza, "tukiweka hiyo ya injini, na mzee akawa amekosea, gari litakufa papo hapo?"

Spana alifikiri kweli, macho juu. "Hapana. Tukizunguka kidogo tu, polepole, halifi. Tutasikia. Likipiga kelele tunamwaga, tunaweka nne. Na ukweli, mama, nimewahi kusikia magari ya zamani ya namna hiyo yapo, yaliyotengenezwa kunywa oili moja mbele kwenye injini na katikati kwenye giaboksi. Sikuyafikiria kwa sababu sijawahi kuletewa."

"Basi weka thelathini."

"Shemeji..."

"Shemeji, nimechoka." Hakupandisha sauti. "Kila kitu cha mtu huyu nachagua mimi, mpaka shati. Leo kuna kitu kimoja amechagua mwenyewe, na kinaweza kujaribiwa bila kumdhuru mtu. Niache nimsikilize mara moja. Nikikosea, nimekosea na mume wangu."

Shemeji akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akashika faneli, akamwambia Spana amwage.

Oili iliingia bila haraka, nyembamba, rangi ya chai. Spana akafunga, akafuta, akashusha jeki. Mama Uzi akaenda kumchukua mzee, ambaye hakutaka kuziacha nati zake mpaka aliporuhusiwa kushika moja mkononi. Spana na shemeji wakabanana kiti cha nyuma kama wanafunzi wawili wanaosubiri zamu.

Gia ya kwanza. Gari likatoka getini. Mama Uzi akakanyaga klachi, akavuta mti wa gia kuelekea ya pili, akajikaza kungoja ule mlio.

Mti wa gia ukaingia kama kisu kwenye sabuni.

Akaongeza mwendo, akaingiza ya tatu, na ya tatu ikaingia. Wakapita kinu cha unga, mahali pa mwinuko ambapo ni lazima kurudi gia ya pili gari likiwa linakwenda, mahali palipomtoa machozi wiki nzima. Akarudisha. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo sana, kama kucha kwenye kitambaa, basi. Akamtazama mume wake kwa pembe ya jicho. Mzee Klachi alikuwa akiigeuza nati yake vidoleni, akitazama watu barabarani. Hakufoka. Hakusema klachi. Hakugundua kwamba kuna jambo limetokea, na kwa mwalimu wa udereva hiyo ndiyo ilikuwa alama ya juu kabisa.

"Mzee alikuwa sahihi," Spana akanong'ona nyuma.

"Nimesikia," shemeji akajibu, akageuza uso dirishani na kuvuta kamasi.

Mama Uzi alitaka kumwambia. Akasema, "Mzee, ulikuwa sahihi. Thelathini."

"Thelathini nini?" Mzee Klachi akauliza kwa adabu.

Kufika uwanja wa mpira alikuwa amelala, nati imefumbatwa.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka tangu siku hiyo. Zile pete zilikuwa zimekwisha kuliwa, na asubuhi gari likiwa baridi gia ya pili iliendelea kuuma. Spana alitafuta pete nyingine mji mzima, akasema hazipo, labda zipatikane gari jingine la aina hiyo likifa mahali. Mama Uzi akajifunza kutulia pumzi moja kati ya gia na gia. Na ugonjwa haukurudi nyuma kwa sababu ya oili. Ulimchukua mzee neno baada ya neno, na mwezi mmoja baadaye hata "thelathini" lilikuwa limekwenda.

Kilichobadilika kilikuwa upande wa shemeji. Wiki iliyofuata alikuja siku ya kazi, alasiri, amevaa fulana, akasimama mlangoni akionekana hana jawabu lolote.

"Nipe funguo," alisema. "Leo nitamzungusha mimi. Wewe lala."

"Wewe huwezi gari la klachi."

"Najua. Alinifundisha nikiwa kijana, nikamkimbia siku ya pili." Akajaribu kucheka. "Atanifundisha tena. Maneno ya kazi yake bado anayo."

Mama Uzi alitaka kukataa. Alikuwa na sare za darasa zima za kupiga vifungo, na mzee alikuwa hajabadilishwa suruali, na kuna namna ya kumfunga mkanda ambayo shemeji hakuijua. Lakini mikono ilikuwa imeshatoa funguo. Akasimama dirishani nyuma ya cherehani, akawaona wakitoka: gari likaruka kama chura, likazimika, likawashwa, likaruka tena. Sauti ya mume wake ilisikika hadi ndani, kali, yenye uhai, ikimfokea mdogo wake juu ya mguu wa kushoto. Safari hii aliyefokewa alistahili kabisa.

Akasubiri mpaka mlio wa injini ukamezwa na kelele za mtaa. Akaketi kwenye kochi, akasogeza rundo la sare, akasema atapumzisha mgongo tu.

Waliporudi jua lilikuwa limeshuka. Shemeji aliingia wa kwanza, fulana imelowa jasho, akamkuta amelala kichwa juu ya sketi za shule, kidole bado kina kikofia cha kushonea. Akaweka kidole mdomoni mwake kumwashiria kaka yake asipige kelele. Mzee Klachi naye akaweka chake. Wakapita kwa kunyata hadi jikoni, na kwa muda mrefu ikasikika milango ya kabati ikifunguliwa na kufungwa taratibu, wanaume wawili wakitafuta chumvi inakaa wapi.